Dira Haikutoka Magharibi

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2009, asubuhi baada ya chai, tuliwaokota watu watatu baharini. Kabla jua halijatua, watu hao walikuwa wamemuua kaka yangu.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu sitaki mtu yeyote asome kwa matumaini ya bure kwamba huenda mbele akapona. Hakupona. Kaka yangu alikuwa nahodha wa meli ndogo ya mizigo, na safari hiyo tulikuwa tumebeba nyaya za shaba. Mimi nilikuwa mpishi. Binti yangu, mwanangu wa pekee, alikuwa ofisa wa meli, yaani msaidizi wa mjomba wake katika kuitafuta njia. Chini kwenye injini alikuwako Fundi, na juu walikuwako mabaharia wawili wa kufunga kamba na kupiga rangi. Basi. Tuliishi kama watu wa nyumba moja, ugomvi wa nyumba ukiwamo.

Kaka alikuwa na desturi ambayo manahodha wenzake waliicheka. Tulipokwisha kuiacha nchi kavu nyuma yetu, aliifunika mashine ya kuonyesha njia kwa kitambaa cha meza, akamtaka binti yangu atuongoze bila hiyo mpaka tuione nchi tena. Alisema mashine ni kama mkwe: unamheshimu, lakini humpi funguo zote za nyumba.

Kazi yenyewe ina sehemu mbili, na hata mimi wa jikoni niliielewa kwa kuisikia kila siku. Sehemu ya kwanza ni kukadiria. Unajua ulikotoka, unajua pua ya meli imeelekea wapi kwa dira, unajua mwendo wake na muda uliopita. Basi unachora mstari kwenye ramani ya bahari na kusema, bila shaka tumefika hapa. Sehemu ya pili ni kuiuliza mbingu. Adhuhuri, jua linapofika kilele chake, unalipima kwa sekstanti, chombo chenye darubini ndogo na vioo, ili ujue limepanda kiasi gani juu ya ukingo wa bahari. Kipimo hicho hukuambia umbali ulio nao kuelekea kaskazini au kusini. Kaka alipenda kusema kwamba makadirio ni shahidi mmoja na jua ni shahidi wa pili. Mashahidi wasipopatana, tofauti yao ndiyo mkondo, yaani maji yaliyokusukuma bila kukuomba ruhusa.

Siku moja binti yangu alikosea hesabu akaweka alama yetu katikati ya nchi kavu. Kaka akaitazama ramani kwa muda, akamuuliza kama sasa tushuke tukalime. Akajibiwa, "Mjomba, subiri kwanza nitafute jembe." Ndivyo walivyofundishana, kwa utani.

Asubuhi ile ya Jumamosi tuliona mashua isiyo na injini, na watu watatu wakipunga shati. Sheria ya bahari haina mjadala: mtu anayezama haulizwi anatoka wapi. Tuliwapandisha pamoja na mfuko wao wa turubai, ambao walisema una nyavu. Nikawapa chai na mablanketi. Mkubwa wao alinishukuru kwa adabu, akaniita mama, akanisifu kwa chai. Wenzake walimwita Kamishna, nami nikadhani ni utani wa watu wa mashua. Wa pili alikuwa Kipara, mtu mwenye kichwa kitupu na kinywa kisichofungika. Wa tatu alikuwa kijana mrefu, mkimya, ambaye Kamishna alimwita shemeji, kwa kuwa Kamishna alikuwa amemwoa dada wa kijana huyo. Sote tukaishia kumwita Shemeji, maana jina jingine hatukupewa.

Mfuko haukuwa na nyavu. Ulikuwa na mapanga, na bastola iliyofungwa katika mifuko ya plastiki.

Mabaharia wawili walisukumwa ghalani kwanza, mlango ukafungwa kwa kufuli. Fundi aliambiwa abaki na injini yake na asipande ngazi mpaka aitwe. Sisi wengine tulipelekwa chumba cha usukani. Kamishna akakivuta kile kitambaa cha meza, akaiona mashine, akasema hiki ndicho kinachowaambia polisi meli iko wapi. Akachukua nondo. Kaka yangu akamwambia kwa utulivu kwamba mashine ile imezimwa, kwamba haimwambii mtu kitu, na kwamba hata wao wataihitaji. Kamishna akapiga. Akapiga na simu ya upepo, akapiga na kila kilichokuwa na kioo au taa, na vipande vikaturukia usoni.

Kaka akamshika mkono. Hakumpiga, alimshika tu, kama unavyomshika mtoto anayeharibu. Kipara akamkata shingoni kutoka nyuma.

Nilisikia sauti ya maji yakimwagika, nikatazama huku na huko nitafute ndoo iliyopinduka, maana akili yangu haikukubali kwamba sauti ile inatoka kwa mtu. Binti yangu alikuwa chini tayari, ameibana shingo ya mjomba wake kwa mikono miwili, na damu ikapita katikati ya vidole vyake. Kaka alijaribu kusema. Midomo yake ilisogea, macho yake yakiwa kwa binti yangu, kisha hayakuwa kwa mtu yeyote. Kipara na Shemeji walimbeba wakamtupa baharini. Hatukumwosha. Hatukumzika. Kipara aliporudi alikuwa akilalamika kwamba shati lake lilikuwa jipya.

Ndipo Kamishna alipouliza swali ambalo mtu mwenye akili angeliuliza mwanzo: nani mwingine anaijua njia.

Binti yangu akainuka. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni. Akasema, "Mimi."

Wakati ule nilielewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba mwanangu ataishi maadamu nchi kavu haijaonekana. La pili, kwamba ikionekana hawatamwacha, kwa sababu ameona, na mimi nimeona.

Kamishna alitandaza ramani, akaweka kidole chake mahali palipo na kijito kidogo. Huko ndiko wenzao walikokuwa wakingoja na malori ya kubebea shaba. Kaskazini ya kijito kile, ramani ilionyesha safu ya miamba, na kaskazini ya miamba, bandari kubwa. Kutoka tulipokuwa, kijito kilikuwa magharibi kabisa.

Binti yangu akamweleza ukweli. Nasisitiza hili. Alimwambia kwamba katika maji yale kuna mkondo unaosukuma kuelekea kaskazini, na kwamba mtu anayetaka kufika magharibi lazima aielekeze pua ya meli kusini kidogo, ili maji yakimsukuma afikie pale anapopataka. Akachukua rula na penseli ili amwonyeshe.

Kamishna alimpiga na kitako cha bastola juu ya jicho la kulia.

"Mimi nakuonyesha magharibi, wewe unanipeleka kusini," alisema. "Unadhani sijui kuna vituo vya askari kusini?"

Alimpiga tena alipokuwa chini, mbavuni, kwa kiatu. Mimi nilijirusha juu ya mwanangu, nikapata changu mgongoni. Alipochoka, akaichukua rula yeye mwenyewe, akachora kutoka tulipokuwa mpaka kwenye kijito. Ulikuwa mstari mzuri, mnyoofu. Akasema pua ya meli isitoke kwenye magharibi hata kwa unywele, na akamweka Shemeji mbele ya dira ailinde.

"Ikitoka, shemeji, nitakuuliza wewe."

"Haitatoka," alisema Shemeji.

Binti yangu alinyanyuka kwa kushika meza. Aliutazama ule mstari kwa jicho lililobaki wazi. Akasema, "Sawa, Kamishna. Magharibi." Hakuusema mkondo tena. Alikwisha kuusema, na malipo yake alikwisha kuyapata.

Jikoni nilimkanda jicho kwa kitambaa na maji baridi. Kope zilikuwa zimevimba zikafungana, na damu ilikuwa ikichuruzika kutoka pembeni. Alininong'oneza kwamba dira humwambia mtu meli inatazama wapi, lakini haimwambii maji yanampeleka wapi. Tutaelekea magharibi kama alivyoamuru, na bahari itatusukuma kaskazini muda wote. Mkondo ukiwa na nguvu, tutaipita miamba na kutokea mbele ya bandari kubwa, penye boti za askari na watu. Ukiwa dhaifu, tutapanda juu ya miamba, na meli yenye mzigo wa shaba haichukui muda kwenda chini. Nikamuuliza tutajuaje. Akasema jua litatuambia adhuhuri.

Kisha akasema jambo lililoniogopesha kuliko bastola. Alisema kichwa chake kinavuma, na namba zinamponyoka.

"Mama, nikikupa namba utaishika?"

Nilikuwa nimetoka kujifunza tarakimu katika darasa la watu wazima, nikiwa na mvi. Nikamwambia nimeshika majina ya watu waliokufa kabla yeye hajazaliwa, namba moja haitanishinda. Akanipa kipimo cha mahali tulipokuwa siku ile, nikakitia kichwani.

Kipara alikuja kukaa jikoni, panga likiwa mapajani. Kila nilichopika alinitaka nionje kwanza.

"Onja, mama. Wapishi siwaamini."

"Nikifa, kesho utakula nini?" nilimuuliza.

Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtu wa kucheka, na kwenye kucha zake damu ya kaka yangu ilikuwa imekauka ikawa nyeusi. Nilimpakulia chakula kila mara nikiitazama ile damu.

Jumapili adhuhuri binti yangu aliomba sekstanti. Kamishna alikataa kwanza, akadhani ni aina ya simu. Akaambiwa kwamba bila chombo hicho hakuna atakayejua ni njia kiasi gani imebaki, na kwamba wenzake wa malori hawatangoja milele. Akampa ruhusa, lakini akasimama nyuma yake, ncha ya panga ikiwa imegusa shingo pale pale palipokatwa mjomba wake. Binti yangu alizoea kupima kwa jicho la kulia. Siku hiyo ilimbidi atumie la kushoto, na chombo kikawa kinamtetemeka. Kila mawimbi yalipotuinua niliiona ncha ya panga ikimchoma kidogo, na tone la damu likishuka hadi kwenye ukosi. Hakuacha kupima. Alingoja jua lipande, likome kupanda, lianze kushuka. Kisha akakishusha chombo na kufanya hesabu zake.

Kwenye ramani, mbele ya Kamishna, aliweka alama juu ya ule mstari mnyoofu. Akasema tunaendelea vizuri.

Jikoni, Kipara alipotoka kidogo, aliniomba ile namba niliyoishika. Nikampa. Akailinganisha na ya jua, akaegemea ukuta. Mkondo ulikuwa dhaifu kuliko alivyotazamia. Kwa mwendo tuliokuwa nao, maji hayatapata nafasi ya kutusukuma vya kutosha, na mwisho wa mstari wetu ulikuwa juu ya miamba.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

Akasema njia ni moja tu. Meli iende polepole zaidi. Kadiri tutakavyokawia njiani, ndivyo bahari itakavyotubeba kuelekea kaskazini kwa muda mrefu zaidi. Na mwenye mwendo ni Fundi.

Chakula cha Fundi nilikipeleka mimi. Injini ilipiga kelele kiasi kwamba Kipara, aliyesimama juu ya ngazi, asingeweza kusikia neno. Nilimweleza Fundi kwa kifupi. Alikuwa mtu wa manung'uniko. Tangu nimfahamu alinung'unikia chumvi, mvuke, mshahara na umri wangu. Safari hii alitafuna chakula chake kimyakimya, akauliza polepole kiasi gani. Nikampa kiasi alichonipa binti yangu. Akasema, "Watanipiga, dada." Nikasema ndiyo. Akafuta mikono, akaniambia chakula kimepungua chumvi, akaenda kufunga bomba fulani.

Meli ilipungua mwendo. Haikuchukua muda Kamishna akashuka na Kipara, na mimi nikaamriwa kushuka pia, nadhani ili niwe shahidi. Fundi akaeleza kwamba mafuta yana maji, kwamba akilazimisha mashine itakufa, na kwamba ikifa tutaelea kama gogo. Kamishna akamtaka aongeze. Fundi akasema haiwezekani. Kipara akaulaza mkono wa kushoto wa Fundi juu ya bamba la chuma, na Kamishna akachukua spana kubwa iliyokuwa ikining'inia ukutani.

Alivivunja vidole kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja alimuuliza kama sasa inawezekana. Fundi alipiga mayowe. Alimtukana Kamishna matusi ambayo siwezi kuyaandika, akamtukania na watu wa ukoo wake, akalia kama mtoto, akajikojolea. Lakini kila alipoulizwa alijibu kwamba mafuta yana maji. Walipoumaliza mkono wa kushoto wakaushika wa kulia. Kamishna akasita hapo, kwa kuwa alijua kwamba fundi asiye na mkono hata mmoja haendeshi injini. Akamvunjia viwili tu, akaitupa spana, akapanda juu akisema meli hii ni takataka kama watu wake.

Mimi nilimfunga Fundi mikono kwa vipande vya mbao na vitambaa vya jikoni. Aliniuliza kama imetosha. Nilimwambia tutaliuliza jua.

Jumatatu ilipita taratibu kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Shemeji hakuiacha dira. Alisinzia amesimama, akaamka, akaitazama. Nilipompelekea maji alinishukuru, nami sikujua nifanye nini na shukrani yake. Alikuwa mwaminifu kwa kazi aliyopewa, na kazi aliyopewa ilikuwa kutuua. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hakujua kama watamuua yule mzee. Nikamwambia yule mzee alikuwa kaka yangu. Hakunitazama tena.

Adhuhuri binti yangu akapima, panga likiwa shingoni mwake kama jana. Nilimpa namba, akailinganisha. Uso wake haukubadilika, maana Kipara alikuwa mlangoni, lakini mkono wake ulitafuta wangu chini ya meza ukaubana mpaka ukauma. Tulikuwa tumesogea kaskazini vya kutosha. Mkondo wenyewe ulikuwa umeongezeka nguvu kadiri tulivyokaribia nchi. Miamba ingebaki kusini yetu. Akaninong'oneza kwamba asubuhi, ukungu ukinyanyuka, tutaiona bandari, na kwamba Kamishna naye ataiona.

Asubuhi ya Jumanne nilijaza mafuta ya kupikia kwenye sufuria yenye mkono mrefu, nikayapasha mpaka yakaanza kutoa moshi. Nikafunika kwa mfuniko. Nikaishika kwa vitambaa viwili, nikaanza kupanda ngazi ya chumba cha usukani kama mtu anayepeleka kifungua kinywa.

Kipara alikuwa amekaa juu ya ngazi.

"Leo mama katuamkia mapema. Nini hicho?"

Nikasema ni chakula cha Kamishna.

"Funua. Uonje."

Nilisimama na sufuria ile. Joto lilikuwa likipenya vitambaa na kuniunguza viganja. Nilikuwa nikifikiri kwamba nikimmwagia huyu, hayatabaki ya yule, na yule ndiye mwenye bastola, na yule ndiye aliye na mwanangu. Hapo ndipo tuliposikia sauti ya Shemeji ndani.

"Kamishna, njoo uone. Kwetu hakuna vyuma hivi."

Kupitia mlango uliokuwa wazi niliona alichokiona. Ukungu ulikuwa ukiachana, na katikati yake zilisimama winchi za bandari, ndefu, nyekundu, zikiwa zimepangana. Chini yake, boti moja ya rubani, yule anayeziongoza meli kuingia bandarini, ilikuwa ikitujia, ikipiga honi kwa sababu hatukuwa tumejibu simu ya upepo.

Kamishna aliitazama bandari. Kisha hakumgeukia binti yangu. Alimgeukia Shemeji, kwa kuwa yeye ndiye aliyekabidhiwa dira.

"Umefanya nini?"

"Nimelinda dira. Haikutoka magharibi."

"Dira haisemi uongo, shemeji. Anayesema uongo ni aliyeitazama. Wamekupa nini?"

"Haki ya Mungu haikutoka. Itazame mwenyewe. Mpaka sasa iko magharibi."

Kamishna aliitazama. Ilikuwa magharibi. Nafikiri hilo ndilo lililomtia wazimu, kwamba kila alichokiamuru kilikuwa kimetimizwa na bado alikuwa mbele ya bandari ya askari. Shemeji naye alikuwa akifikiri. Nilimwona akiitazama ramani, akautazama ule mstari, kisha akamtazama binti yangu na jicho lake lililovimba, na nikaona kwamba ameelewa.

"Huyu dada alikuambia," alisema polepole. "Siku ile. Alikuambia maji yatatusukuma. Ukampiga."

Kamishna alimpiga risasi ya tumbo.

Kipara aliniacha ngazini akaingia mbio. Alipiga magoti kando ya Shemeji, akamshika kichwa, akaanza kumwuliza Kamishna kama amerukwa na akili, kwamba huyu ni mtoto wa kwao, kwamba watamwambia nini dada yake, mke wa Kamishna mwenyewe. Kamishna hakumsikiliza. Alikuwa sasa ameinua bastola kwa binti yangu, aliyekuwa nyuma ya meza ya ramani, hana mahali pa kwenda. Binti yangu hakuinua mikono. Alimtazama.

Niliingia nikammwagia mafuta yale usoni.

Sauti aliyoitoa sijapata kuisikia kwa mtu wala kwa mnyama. Bastola ililia, risasi ikavunja kioo cha mbele. Alijishika uso, na alipoiondoa mikono ngozi ilikuja nayo. Alizunguka, akapiga risasi nyingine ukutani, akagonga usukani. Binti yangu akamrukia mkono wenye bastola, akaung'ata kifundoni, akashikilia meno pale hali akipigwa kichwani kwa ule mkono mwingine. Kisha Fundi akafika, ameisikia milio ya risasi. Alikuwa amejizungushia mnyororo kwenye mkono wa mbele, maana vidole havikuweza kushika kitu, akampiga Kamishna nao begani, shingoni, mgongoni, akilia kwa maumivu kila alipopiga, mpaka yule mtu akaanguka. Hakuacha hata alipoanguka. Mimi ndiye niliyemwambia, "Baba, inatosha," na alinitazama kama hanifahamu.

Kipara hakupigana. Panga lake lilikuwa sakafuni. Alikuwa bado amekishika kichwa cha Shemeji, ambaye alirudia neno moja tu mpaka akanyamaza: haikutoka, haikutoka.

Binti yangu aliipita miili ile, akashika usukani, akaigeuza pua ya meli kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Boti ya rubani ilikuwa karibu sana.

Mwanangu yuko hai, na wale mabaharia wawili walitolewa ghalani wakiwa wazima. Jicho la kulia madaktari walishindwa kulirudisha. Fundi ana vidole vichache vinavyokunjika, na ananung'unika kama zamani. Kaka yangu hana kaburi.

Kamishna hakufa. Alipofikishwa mahakamani, uso wake ukiwa umefungwa, alisema kwamba shemeji yake alimsaliti; kwamba alihongwa, akaigeuza dira watu walipolala, akawauza wenzake kwa askari. Maneno hayo yalichapishwa. Mimi sikuulizwa juu ya dira. Niliulizwa juu ya mafuta, nikajibu. Lakini nilisikia Kipara akimwambia askari kwamba huko kwao watu wameyaamini maneno ya Kamishna, kwamba mama yake Shemeji hapewi salamu njiani, na kwamba dada mtu, ambaye ni mke wa Kamishna, amekataa kumlilia ndugu yake.

Dada huyo simjui jina. Sijui anaishi wapi. Yule kijana alikuja kutuibia, alisaidia kumtupa kaka yangu baharini, na simtakasi kwa hilo. Lakini hakumsaliti mume wako, dada. Aliilinda dira mpaka mwisho na haikutoka magharibi. Aliuawa na mtu aliyempiga mwanangu kwa kusema kweli, na alikufa kwa kuirudia kweli ile ile. Mlilie.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, usiikunje karatasi hii ukaiweka. Mpe mwingine aisome, na asiyejua kusoma umsomee. Inaweza kupita mikono mingi kabla ya kumfikia dada huyo.